Dabliu ya Mpakwa Mafuta

Jumatatu, 8 Septemba
Kazi! Kanisa moja la Magoma linataka maandishi ukutani kabla ya Jumapili, askofu anakuja. Mwinjilisti wao, Mama Efrazia, kaleta karatasi mwenyewe hadi hapa Korogwe: YESU NI KRISTO, MPAKWA MAFUTA WA MUNGU. Baba kaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia mzito tangu kiharusi cha mwaka jana, lakini ndio unaoandika. Mimi kazi yangu kuchanganya rangi, kupiga mistari ya chaki na kuosha brashi. Kuandika? Thubutu!

Jioni nimemchua mkono kwa mafuta ya mnyonyo kama kawaida. Akauliza, hivi Kristo ni jina la ukoo, kama sisi akina Sadala? Sijui. Wenyewe wataeleza.

Jumatano, 10 Septemba
Magoma. Jua kali, ukuta mrefu. Mama Efrazia katuletea chai na viazi, Baba akauliza swali lake. Mama kacheka — si ukoo, mzee, ni cheo! Wayahudi walisema Masihi, Wagiriki wakasema Kristo, maana ni ile ile: aliyepakwa mafuta. Zamani mfalme au kuhani hakuanza kazi bila kumiminiwa mafuta kichwani. Wao wanaamini Yesu ndiye yule aliyengojewa, na aliyempaka ni Mungu mwenyewe. Baba akasema, na sisi tunamwita Masihi Isa, mwana wa Maryamu. Kumbe miaka yote nalitaja neno bila kulifungua. Wakapatana vizuri tu. Viazi vikaisha.

Siku hizi mkono wa kushoto unashikilia wa kulia, hakuna wa kushika karatasi. Kwa hiyo namsomea herufi moja moja, yeye anaandika. Rafiki yangu Munira naye hakomi kunitumia kwenye simu picha za sare za kichenpati. Ile ya kijani nzuri!! Tumemaliza saa kumi.

Alhamisi, 11 Septemba
Yarabi! Mama Efrazia kapiga simu asubuhi. Watoto wa kwaya wanamwuliza, Yesu ni Kristo mpaka mafuta yaishe? Ukutani pameandikwa MPAKA MAFUTA. W haipo! Aliyepakwa kageuka mpakaji. Nilicheka mpaka nikaona uso wa Baba.

Kasema basi, sasa kichwa nacho kinafuata mkono. Miaka thelathini na minane hajawahi kuruka herufi. Kafunga brashi zake kwenye gazeti, atampa fundi mmoja wa Handeni.

Ijumaa, 12 Septemba
Jana hakutaka kuchuliwa. Ugali kaugusa tu. Na kosa ni langu. Pi, ei, kei, ei — nakumbuka kabisa, jicho moja kwenye simu, kwenye ile sare ya kijani. Baba aliandika nilichomsomea. Nikisema, hata brashi ya kuosha sipewi tena. Nisiposema, anaacha kazi akijiona kapungukiwa akili. Najichukia. Yote kwa ajili ya kitambaa!

Jumamosi, 13 Septemba
Nimesema. Kabla ya chai, nimesimama wima, maana ningekaa ningeahirisha.  Baba kasema, Shamsia, lete chupa ya mnyonyo. Nikashika mkono wake, akauvuta. Si huu, lete wako. Kaupaka kuanzia vidole hadi kiwiko, polepole, kwa vile vidole vyake vizito, mafuta yakanidondokea kwenye kanga. Nikamwambia, wangu mbona mzima? Akasema, hukumsikia mama mwinjilisti? Mtu haanzi kazi bila kupakwa. Nililia.

Sasa tuko Magoma. Neno lote nimelifuta kwa rangi nyeupe, nasubiri ikauke, naandika hapa kwenye benchi. Mkono bado unateleza. Mama Efrazia anachungulia kila dakika. Brashi zimetoka kwenye gazeti.

Baba ananiita. Leo karatasi anayo yeye. Em, kasema, anasubiri. Simu yangu iko mfukoni mwake, inaita. Hapokei.