Mama Mkwe Mlangoni

Jumatano, jioni

Leo nimeanguka tena, safari hii bila pikipiki. Nilikuwa nafuata magongo, plasta ya mguu uliovunjika ikanivuta, nikajikuta sakafuni kama gunia la mpunga. Dereva wa siku nne, mgonjwa wa wiki tatu.

Mke wangu yuko sokoni Buzuruga. Nyumbani alikuwepo mama yake tu, na kwetu Wasukuma mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe wala hamgusi. Akasimama mlangoni, uso kaugeuzia ukutani.

"Baba, umeumia?"

"Hapana, mama. Napumzika tu, huku chini kuna ubaridi mzuri."

Hakucheka. "Vidole vya mguu unavisikia?"

"Navisikia."

Nilimdanganya. Tangu jana sivisikii, na vimeanza kuwa vyeusi. Nimenyamaza kwa sababu naogopa daktari atasema mguu ukatwe.

Kisha akaingia, akachuchumaa miguuni pangu, nyuma ya plasta, nisipoweza kuiona mikono yake.

"Nimekushika wapi, baba?"

Nikakisia. "Gotini."

"Nimeshika vidole, mwanangu. Vyote."

Ameenda kuita bajaji ya kunipeleka hospitali. Naandika haraka, maana huenda nikirudi hapa mguu huu hautakuwepo.