Zima Hiyo Hita

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Simu zangu hupokei, ndiyo maana namtuma wifi yako na barua hii. Usipomfungulia, ataipenyeza chini ya mlango. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kazime hita ya bafuni.

Ulipokuwa unakaa kwetu nilipiga hesabu: maji ya kuoga ya nyumba nzima, yuniti mbili za umeme kwa siku. Mita ikasoma tano. Nikakufokea mbele ya watoto, "Unaoga kama bata!" Ulipohama nikakutupia na hita yenyewe, ukamalize umeme wako.

Jana nilimsimulia fundi umeme huku nacheka. Akaniuliza, "Bomba lilikuwa linawatekenya vidole?"

"Ndiyo, tulishazoea."

Hakucheka. "Bosi, hizo yuniti tatu hakuna aliyeziogea. Hita inavujisha umeme kwenye maji."

Tangu hapo nakupigia simu. Kila nikifumba macho namwona mwanao bafuni, anachezea maji.

Kesho Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, nakuja na fundi. Nitaing'oa mwenyewe, na watoto nitawaleta wanisikie nikikuomba msamaha.

Tafadhali, nifungulie.

Kaka yako