Leseni Iliyobaki Igowole

Jumatatu, 8 Julai

Kompyuta mpya imefika! Nyeusi, kimya, haingurumi kama mashine ya kukoboa, si kama ile kuukuu. Nikaweka programu yangu ya kudarizi. Ya halali, ya kununua, si ya kuiba kama za wengine. Nikafungua — inaniambia leseni inatumika kwenye kompyuta nyingine, nikaiachie kule kwanza. Kule wapi? Ile kuukuu mume wangu Filemoni aliitoa sadaka ya mavuno mwezi uliopita, kwa sababu mahindi yetu yalikuwa bado shambani! Aliibeba mwenyewe mpaka madhabahuni. Na mimi nikapiga makofi. Mjinga mimi.

Dada Usha wa duka la sare anataka kuona nembo ya shule kwenye sweta Jumatatu ijayo asubuhi. Nisipompelekea, kazi yote inaenda kwa fundi wa Mbeya. Yule wa nyuzi zinazochuja rangi! Heri nife.

Jumanne, 9 Julai

Nimewaandikia wenye programu. Wamejibu haraka, kwa adabu zote. Wamenipongeza kwa kompyuta mpya. Wanasema niwashe ile ya zamani, niunganishe intaneti, nibonyeze pa kuachia leseni, basi. Vinginevyo ninunue upya. Nikawaeleza kwamba ile ya zamani ilipigwa mnada kanisani. Wameniuliza huo mnada ni wa kampuni gani.

Jumatano, 10 Julai

Aliyeinunua mnadani ni Mzee Kalinga. Nimekwenda kwake. Anacheka! Eti hakukaa nayo hata kidogo, aliinunua akamzawadia mhubiri mgeni pale pale, kama watu wanavyofanya na jogoo. Mhubiri mgeni alikuwa Mchungaji Yotamu. Wa Igowole. Yaani leseni yangu iko Igowole!

Filemoni anasema ni baraka, sadaka yetu imefika mbali. Nikatoka nje haraka. Nilikuwa na mkasi mkononi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimempigia Mchungaji. Kamwene, kamwene, habari za watoto, habari za mahindi, habari za baridi. Kompyuta ipo na haijaguswa! Inadai paswedi, hawaijui, na waliona aibu kuuliza juu ya kitu cha zawadi. Mkewe, Mama Yusta, ameifunika kitambaa cha kufuma na kuweka maua juu. Umeme upo, bando analo, anaiwasha sasa hivi. Nilitaka kuruka!

"Haya mama, tutajie hiyo paswedi."

Filemoni alikuwa pembeni yangu anakunywa chai.

Paswedi ni filemonihasikii. Niliiweka siku ile aliyoleta mbuzi nyumbani wakati nilishamkataza, na mbuzi akala pazia la sebuleni. Ningeitajaje? Nikasema nimesahau, ila vidole vinaikumbuka, mpaka nikaishike mwenyewe. Mchungaji akasema njoo basi.

Filemoni naye: "Siwezi kukuacha usafiri peke yako, Mama Lea." Jamani! Nilimwambia abaki. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali. Anafunga begi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemwambia tena. Bado anakuja.

Jumamosi, 13 Julai

Igowole. Baridi ya kukata masikio. Umeme umekatika tangu asubuhi. Kompyuta iko sebuleni na maua yake. Tumetazamana tu.

Mchungaji ana habari nyingine. Kesho ni mavuno yao, wanatafuta bati za kanisa, na kwa kuwa kitu chenyewe hakifunguki ameona bora kiende mnadani. Nikaomba, Mama Yusta akanisaidia kuomba. Wamekubali: kesho ikifunguka niachie leseni yangu kwanza, ndipo iuzwe. Mungu awabariki.

Jumapili, 14 Julai

Naandika ibadani, nimejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mungu anisamehe. Siwezi kukaa bure, nitazimia.

Kompyuta iko mezani mbele, kati ya maboga na kuku waliofungwa miguu. Umeme ulirudi wakati wa mahubiri. Mzee Jailos, anayenadi, akasema watu hawanunui kitu wasichokiona kikifanya kazi, ifunguliwe hapa hapa. Nikainuka mbio. Wapi! Filemoni alishafika mbele. Na maikrofoni kashika! Nikasema ngoja nije niandike mwenyewe. Mzee Jailos akasema, "Kaa mama, mumeo yupo. Wewe taja tu, tusikie wote."

Nilikuwa nimebanwa katikati ya benchi, akina mama wa kwaya kushoto na kulia. Hakuna aliyenipisha. "Taja, mama, taja!"

"Herufi ya kwanza?" anauliza Filemoni.

F. Nikataja I. Nikataja L, E. Kwenye M akaacha kuandika, akanitazama. Uso ule sijauona tangu siku ya harusi. Akamalizia mwenyewe, polepole, O, N, I, akawageukia washarika: "Ni jina langu! Mke wangu kaweka jina langu!"

Vigelegele! Wakanipigapiga mgongo mpaka nikakohoa. Mchungaji akasema ndoa ndiyo hiyo, vijana mwone. Filemoni akawa anafuta macho kwa leso niliyomdarizia mimi. Na mimi nikalia. Kwa hofu, na kwa kumpenda pia, huyu mzee mbishi.

"Imeisha?" akaniuliza. Kabla sijafungua mdomo, umeme ukakatika.

Wamekwenda kuazima jenereta. Yeye bado kasimama mbele, anamsimulia kila anayepita.

Nikisema imeisha, haitafunguka, itauzwa hivyo hivyo, na kesho Usha anawapa Mbeya masweta yote. Nikitaja yaliyobaki — mbele ya kanisa zima, na amelia! Natafuta neno jingine zuri linaloanza na H. Hodari? Haitafunguka. Kompyuta haijui huruma.

Jenereta inanguruma. Taa zimewaka. Jina lake keshaliandika upya, bila kuuliza. Ananyanyua maikrofoni, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Haya mke wangu, endelea," anasema. "Nakusikiliza."