Nyusi ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko, wewe na shemeji na watoto? Lile goti lako limepoa? Sisi hatujambo, ila mwenzio naandika huku nimeinamisha uso kwa aibu.

Mama anaendelea vizuri. Usaha wa kwenye paji la uso ulishindikana kutolewa kupitia puani mara mbili, ndipo daktari akaamua kufungua kwa nje: akapasua juu ya nyusi, akatoboa mfupa na kusafisha sainasi, ule uwazi ulio ndani yake. Uvimbe wa jicho umenywea, homa imekwisha, na ukali wake umerudi wote.

Nilikwambia kwenye simu kwamba daktari ndiye aliyemnyoa nyusi. Nilikudanganya, na Mama pia. Ni mimi.

Nina miaka kumi na moja chumba cha upasuaji, na siku ile nilijitia kimbelembele kumwandaa Mama mwenyewe. Nesi mwenzangu akanikumbusha, "Kaka, nyusi hainyolewi, huwa haioti tena vizuri." Nikamkata kauli: "Usinifundishe kazi." Nikapitisha wembe, Mama akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Dada, jambo hilo nalijua kama jina langu! Kiburi tu.

Miezi minne sasa, pameota vinywele vitatu. Mwezi uliopita, kliniki, Mama alimvaa daktari mbele ya wagonjwa wote: "Umeninyoa kama kondoo!" Daktari akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Nisamehe, mama yangu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo asubuhi nikamkuta Mama mbele ya kioo, anajichora nyusi kwa kalamu ya wanja. Nikamwambia yote. Akageuka kutoka kwenye kioo.

"Kwa hiyo yule daktari wa watu nimemtukana bure?" Akanitupia ile kalamu. "Haya, fundi, chora."

Nikachora. Imepinda, iko juu kuliko ile nyingine, utadhani Mama ameshtuka. Nikataka kufuta, akanishika mkono. Akavaa viatu, tukaenda hospitali kumwomba daktari radhi. Korido nzima, kila aliyemkodolea macho, Mama alininyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyechora. Na ndiye aliyenyoa."

Nisalimie shemeji, na umbusu kitindamimba wako kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye, japo hana uso wa kukutazama.