Mstari wa Mbele, Upande wa Kushoto

Jumamosi, 8 Desemba 2012

Tumerudi kutoka Blue Bay, kwenye pomboo, hapa Durban. Maman hakuona kitu. Kitu!

Tulifika uwanja wa pomboo dakika ishirini kabla ya onyesho, nikadhani tumewahi. Kumbe watu wameshajaa mpaka ngazini. Wakatupeleka juu kabisa, nyuma ya nguzo. Muziki ukaanza, watu wote wakasimama, mbele yangu migongo mitupu. Maman ananivuta mkono: ametoka? Yuko wapi? Na mimi namtangazia kama mpira wa redio — sasa ameruka, sasa ameruka tena.

Jicho lake la kulia lilishakufa. La kushoto linaona hatua kumi hivi, baada ya hapo ni ukungu. Mwezi wa kumi daktari alisema presha ya macho imekula mshipa, operesheni haitarudisha kitu, na hilo lililobaki halina muda mrefu. Maman alimsikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka nje akasema: bon, basi nataka kuona pomboo. Miaka thelathini, akasema, nimeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale Rumonge, samaki wote niliowajua walikuwa wamekufa.

Kwenye taxi tukasimama kwenye robot, taa za barabarani. Halafu akasema, "Maji nimeyasikia vizuri."

Afadhali angelia.

Jumapili, 9 Desemba

Kanisani Bernadette wa kwaya ananipa somo. Nimshukuru Mungu mama yangu anakula na analala. Mzee akae nyumbani, pomboo ni mambo ya watoto. Wenzake wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Nikamuuliza: mwaka wa Kombe la Dunia, mama mkwe wako si mlimpeleka uwanjani na vuvuzela mkononi? Akajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.

Tutarudi. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye kwamba sikusema.

Jumatano, 12 Desemba

Bahati! Blandina alikuja kusukwa pale saluni ninapofanya kazi, Warwick, na mumewe Ambokile akakaa kumsubiri. Watanzania, watu wa Mbeya. Nikawa namsimulia Blandina habari ya nguzo na migongo, mara Ambokile anacheka: dada Spès, mimi si ndiyo nafagia uwanja ule ule!

Akanieleza yote. Watu wanakimbilia katikati — kosa. Pomboo wanatokea mlango wa kushoto, na walimu wao wanasimama kushoto, na ndoo ya samaki iko kushoto. Kwa hiyo hapo ndipo wanapokuja kutoa vichwa nje, karibu kabisa. Onyesho ni saa tano na nusu. Geti linafunguliwa saa tatu. Tusiende kwenye bwawa la papa kwanza, tusinunue chips, twende moja kwa moja tukakae. Mstari wa tatu, alisema, kwa sababu mbele yake mtalowa chapachapa.

Nimemwambia Maman jioni hii wakati anachambua maharage kwa vidole. Akauliza, na mstari wa kwanza uko hatua ngapi kutoka majini? Nikasema nne, labda tano.

"Kulowa si ugonjwa," akasema.

Ijumaa, 14 Desemba

Marie-Louise, mwenye saluni, kasema Desemba hakuna ruhusa, vichwa viko foleni mpaka barabarani. Nikamjibu siombi ruhusa, nakupa taarifa. Eish, mdomo wangu huu! Ila kitana hakuninyang'anya, kazi bado ninayo.

Jumatatu, 17 Desemba

Nina hasira!

Siku ya mapumziko, Durban nzima iko beach. Tulikuwa wa sita kwenye foleni. Geti likafunguka, watu wakaanza kukimbia, na Maman hawezi kukimbia. Nikafanya ujinga: nikamwacha kwenye benchi karibu na geti, nikakimbia mimi. Mstari wa mbele, kushoto, tupu! Nikatandika kitenge juu ya viti viwili, nikarudi kumchukua.

Tulipofika, kitenge kimekunjwa vizuri sakafuni. Kwenye viti vyetu amekaa bwana mmoja na cooler box yake ya vinywaji. Cooler box ina kiti chake!

Nikamwambia ni pa kwetu. Akasema hapa hakuna kushikiana nafasi, aliyekaa amekaa. Nikaita mfanyakazi, msichana mwenye kofia ya bluu. Akasema ndiyo, sheria ni hiyo. Halafu akamtazama Maman na fimbo yake, uso ukalainika. Gogo (bibi, kwa Kizulu) ana mahali pake maalum, akasema, pa watu wenye ulemavu, kuna nafasi nzuri. Tukamfuata. Tukapanda. Tukapanda tena. Juu kabisa! Nyuma ya reli, chini ya nguzo ile ile. Yaani asiyeona wamemweka mbali kuliko wote.

Maman akauliza, maji yako wapi? Nikamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe, kule chini.

"Mimi sina kilema cha miguu," akasema. "Twende nyumbani."

Akashuka zile ngazi zote bila kunishika.

Jumanne, 18 Desemba

Makosa yangu mawili. Sikukuu. Na kumwacha. Kitenge si mtu, ndiyo maana kilikunjwa. Tutatembea pamoja, hata kama foleni yote itatupita.

Nimempigia Ambokile. Amesema Alhamisi hii, asubuhi. Sharp, tumeelewana.

Alhamisi, 20 Desemba

Naandika nikiwa kitini. Mstari wa mbele, kushoto, viti viwili vya kwanza kutoka ngazini. Sisi wenyewe, na makalio yetu.

Foleni yote ilitupita, kweli. Familia nzima-nzima zilitupita. Lakini zote zilikwenda kwa papa au katikati! Maman alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, watu wanatutazama, atazame anayetaka. Tumekaa tangu saa tatu na dakika kumi na tano. Ameshavua viatu, kaviweka chini ya kiti. Anasema harufu ya maji si ya ziwa. Amekula ndizi. Ambokile kapita na ufagio, hakutusalimia, na mimi sikumsalimia. Asije akafukuzwa kazi kwa ajili yetu.

Saa tano kasoro. Yule msichana wa kofia ya bluu amekuja. Anasema mstari huu umewekewa kundi la kampuni fulani, tuhame. Nikamuuliza kibao kiko wapi. Hakuna kibao. Nikamuuliza, Jumatatu si ulisema aliyekaa amekaa? Akanikumbuka, nimeona machoni. Akasema sheria ya kundi ni nyingine. Mahali pa Gogo pako juu.

Nikamwambia Gogo anaona hatua kumi. Ahesabu mwenyewe kutoka kule juu.

Ameenda kuita mkubwa.

Saa tano na dakika ishirini. Kundi limefika, watu kama hamsini, T-shirt za njano. Wamejaza mstari wote isipokuwa hapa kwetu. Wawili wamebaki wamesimama ngazini. Mkubwa amekuja na redio ya mkononi. Anaongea taratibu, kama mtu anayeongea na mlevi. Anasema ataniandikia tiketi za siku nyingine. Nikasema siku nyingine jicho halipo. Maman kashika reli ya mbele kwa mikono miwili. Hajui Kiingereza, lakini hili kalielewa lote.

Mama mmoja wa T-shirt ya njano, aliyekaa karibu yetu, kawaambia wenzake wawili wapande juu, kuna viti. Mmoja kakataa. Kasema kampuni yake ndiyo iliyoagiza mstari huu.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Muziki ulianza, sasa wameuzima. Mkubwa kasema kwenye kipaza sauti kwamba onyesho litaanza mara mstari wa mbele utakapokaa sawa. Uwanja mzima unatutazama. Juu kuna wanaopiga miluzi. Mwingine anapiga kelele, mwacheni bibi! Sijui wako wangapi upande huo na wangapi upande huu. Mwalimu wa pomboo amesimama na ndoo yake, hatua tano kutoka hapa. Majini kuna kitu cha kijivu kinazunguka, kinazunguka, chini chini. Maman anageuza kichwa. Anasikia tu, au anaona? Siwezi kumuuliza sasa.

Walinzi wawili wanashuka ngazi.

Bado nimekaa.

Maman kaniuliza mbona hawaanzi. Nikamwambia ukweli: wanatusubiri sisi tutoke.

"Waambie na sisi tunawasubiri wao waanze."

Nimesimama nikawaambia. Kwa Kiingereza, kwa sauti, uwanja wote usikie. Nimekaa tena. Walinzi wamefika mstari wa nne; hatuondoki.