Kocha Wako Siku Hizi Anaitwa Dokta

Dada Neema,

Shikamoo! Hapa Iringa wanalia baridi, mimi mtoto wa Mbeya natamba na singlendi. Nimemwona yule kocha wa kikapu aliyekuchezesha na goti lako bovu kule chuoni kwenu. Siku hizi ni mhadhiri hapa chuoni kwetu, ana tai na miwani, anafundisha eti majeraha ya wachezaji! Nikamvizia mlangoni, nikamwambia mimi ni mdogo wako.

"Dogo, goti la dada yako vipi?"

"Bado anachechemea, dokta."

Akasema Jumamosi atakuja nyumbani kukuona. Mimi simwamini, nahisi analitaka goti lako kwa kitabu anachoandika. Mwambie mama asikamate kuku kwanza. Akianza na samahani, kuku achinjwe. Akianza na futi ya kupimia, apewe chai ya rangi aondoke.

Nakupenda, lifunike goti.

Mdogo wako mtanashati,
Baraka