Mtoto Yuko Njiani, Chumba Kimejaa Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mume wangu hajaamua kuhamisha vitu kwa mikono yake, maana nina mimba ya miezi minane na chumba cha mtoto kimejaa kompyuta ambazo moyo wangu haukubali kuzima hata moja.

Mimi natunza maktaba, si ile ya vitabu bali ya lugha ya programu, yaani msimbo ulio tayari ambao waandishi wengine wa programu huuchukua na kuutumia bure, na sehemu yangu ni ile inayozungumza na mifumo endeshi, kwa sababu programu haiwezi kujifungulia faili, lazima iuombe mfumo wa kompyuta uifungulie, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa, mmoja ukikatizwa katikati ya kazi unasema niulize tena, mwingine unaandika nusu ya ulichoupa halafu unakujibu kwa adabu kwamba umeandika nusu, wa tatu unataka majina ya faili kwa herufi za aina yake tu, na mimi nimekaa katikati nasuluhisha ili mtu aandike "fungua faili" na mambo yaende popote alipo.

Kazi hii sikuiomba. Nilijiunga kwa kujitolea, nikakuta mistari ya faili moja imepinda, nikainyoosha, nafasi tu, neno hata moja sikugusa, lakini kwetu kumbukumbu huonyesha nani aliyeugusa kila mstari mwisho, na aliyegusa mwisho ndiye mwenyewe, basi kesho yake jina langu likawa kwenye mistari yote, na tangu hapo faili ikigoma kufunguka kokote duniani naandikiwa mimi, tena wengine hata hawasalimu. Ikabidi niwe na kompyuta moja kwa kila mfumo ili nijaribu kabla ya kutoa, na ile kongwe kuliko zote ni ya mfumo ambao hautengenezwi tena, nikiizima sijui kama itaamka.

Mume wangu ni seremala. Kitanda cha mtoto amekimaliza, amekipiga msasa vizuri sana, na kimekaa koridoni kwa sababu hakina pa kuingia, tunakipita kwa ubavu, na kwa tumbo hili mimi sipiti tena. Jana kaniuliza taratibu, "Mama mtoto, hebu niambie, mtoto atalala juu ya kibodi?" Nikamwambia nipe muda. Akasema, "Muda mwombe huyo aliye tumboni. Na mama yako akija kukusaidia kulea, nimlaze wapi, kwenye waya?"

Yupo mtu mmoja, tunamjua kwa jina la Kobe, anatumia ule mfumo mkongwe na kompyuta yake anayo nyumbani, na ameomba anipokee kazi yote. Nimesita. Marekebisho yake ya kwanza niliyarudisha kwa sababu ya nafasi, ya pili kwa sababu maelezo yalikuwa mafupi, ya tatu kwa sababu yalikuwa marefu. Mume wangu akayasoma majibu yangu, akaenda kuwasomea wifi zangu, wakacheka mpaka wakaomba maji. Mshauri, programu nyingi zinaitegemea kazi hii, naogopa nikiiachia itaharibika. Nikabidhi, au nikaze roho mpaka nijifungue?

Wako,
Mwenye Mistari Yote

JIBU

Mwenye Mistari Yote, pole kwa tumbo, na pole kwa joto la hicho chumba. Huruma yangu inaishia hapo, sasa tuzungumze.

Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, kwa hiyo nilimpa barua yako fundi wa kompyuta wa gazeti hili. Alipofika kwenye zile nafasi ulizonyoosha alikaa chini. Akaniambia hata yeye aliwahi kufanya hivyohivyo kazini kwake, ila alikuwa na akili ya kubadilisha jina lake kwenye kumbukumbu. Kisha nikamuuliza kuhusu yale marekebisho ya Kobe uliyoyarudisha. Akasema, "Shangazi, huyo alikuwa anatafuta sababu."

Nami nasema hivyo. Unalia mzigo umekuelemea, na mtu amesimama mbele yako kanyoosha mikono, wewe unamkagua kucha. Mara mafupi, mara marefu. Ungekuwa unataka msaada kweli ungeyapokea yale ya kwanza na nafasi ungezinyoosha mwenyewe, maana hiyo kazi tunajua unaiweza.

Mume wako usimwonee. Mwanamume amekutengenezea kitanda, anakipita kwa ubavu kila asubuhi, na bado anakuuliza taratibu. Wengine wangeshachomoa waya.

Sasa fanya hivi. Mpe Kobe ruhusa zote leo, usiseme eti mpaka kwanza umalize kuisafisha kidogo, kwa sababu nakujua sasa. Mwache akosee ukiwa bado unaweza kuulizwa, si siku uko leba. Ile kongwe izime mwenyewe, yeye anayo yake. Nyingine mume wako azibebe, wewe usiinue kitu, kaa kwenye kiti umwelekeze mpaka akuchoke.

Halafu nikwambie unachokiogopa, kwa sababu barua nzima umekizunguka. Huogopi kwamba itaharibika. Itaharibika mara moja, watu watapiga kelele, Kobe atairekebisha. Unaogopa wiki itakayofuata, ambapo faili zitafunguka kila mahali na hakuna atakayekuandikia. Wiki hiyo itakuuma, nami sikudanganyi. Lia. Ila utalilia kwenye chumba chenye kitanda, na atakayekukatiza hicho kilio hatakuwa na habari hata kidogo kwamba uliwahi kujua kitu kingine chochote zaidi ya kunyonyesha.